Maswali ya kwenye benchi: utafiti wa usingizi na wagonjwa mahututi, Dar es Salaam

Mimi ni nesi wa utafiti. Nusu ya kazi yangu ni vipimo, nusu nyingine ni kujibu maswali, na mengi huulizwa kwenye benchi la nje ya ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, wakati wa kuona wagonjwa, ndugu wakiwa wameshika hotpoti na chupa ya uji. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa. Mawili ya karibu na mwisho ni ya madaktari na manesi vijana wanaotaka kuanza utafiti wao wenyewe.

Utafiti wa usingizi ndiyo utafiti wa kulala?

Hapana, ingawa hata mhasibu wetu aliwahi kuniuliza hivyo. Usingizi tunaousema hapa ni wa kupasuliwa: kaputi na nusu kaputi kama watu wanavyoita mtaani, sindano ya mgongo kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, ganzi ya mkono kwa aliyevunjika kiwiko. Fani hiyo hiyo ndiyo iliyozaa ICU, na habari yake ni ya kusimulia. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulivamiwa na polio. Wagonjwa walipooza misuli ya kupumulia na mashine zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri wapitishiwe mrija kwenye tundu la kooni, kisha hewa isukumwe kwa mkono kwa mfuko wa mpira. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana kuminya mifuko. Mwaka uliofuata wagonjwa wa namna hiyo wakatengewa wodi yao, na ICU ikaanzia hapo. Umeme ukikatika leo na jenereta ikachelewa kuwaka, nesi wa zamu anashika mfuko kama ule ule.

Mnatufanyia majaribio?

Mara nyingi hatumpi mgonjwa chochote kipya. Tunahesabu. Tunaangalia anapumua mara ngapi kwa dakika, presha ikoje, oksijeni kwenye damu ni asilimia ngapi, alipata dripu saa ngapi, alitoka mzima au hakutoka.

Kuhesabu kunaonekana kazi ndogo, lakini ndiko kulikotuonyesha mambo makubwa zaidi. Utafiti wa matokeo ya upasuaji Afrika, uliochapishwa mwaka 2018, ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25 kwa wiki moja. Waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi walikuwa vijana na upasuaji wao wa kawaida. Na katika waliofariki, 94 kati ya 100 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Hawakufia mezani, bali baada ya upasuaji kwisha na daktari wa upasuaji kuvua glavu.

Mwingine ulitoka mwaka 2025. Kwa siku moja, katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, kila mgonjwa mzima aliyelazwa alipimwa. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na karibu saba kati ya kumi ya mahututi hao hawakuwa ICU wala chumba chochote cha uangalizi maalumu. Walikuwa wodi za kawaida, pengine kitanda cha tatu kutoka dirishani, na nesi mmoja ana wagonjwa arobaini. Ndani ya siku saba, asilimia 21 ya mahututi walifariki. Kwa wasio mahututi ilikuwa chini ya asilimia tatu.

Kuna tafiti nyingine ambazo kweli ni majaribio, za kulinganisha dawa na dawa, au dawa na maji ya chumvi. Hizo zina masharti mazito, nitayaeleza.

Wazungu wameshatafiti haya yote. Kwa nini tusifuate majibu yao?

Swali hili hunitia hamu ya kuvuta kiti nikae.

Kwa miaka mingi kila daktari alifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono ya baridi na mapigo ya mbio apewe maji mengi ya mshipa, haraka. Ilionekana jambo la akili ya kawaida: damu haifiki viungoni, basi ongeza maji. Utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, ulilipima jambo hilo Kenya, Uganda na hapa Tanzania, kwenye hospitali ya Teule kule Muheza. Watoto 3,141. Waliopewa maji ya haraka, ndani ya saa 48 walifariki kama 10 na nusu kati ya kila 100. Waliopewa maji ya taratibu tu, 7.3. Kamati ya usalama ilipoona hivyo ikausimamisha kabla idadi iliyopangwa haijatimia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na watu wengi hawakuyaamini. Wengine walisema hospitali zetu hazina ICU ndiyo sababu. Sawa, lakini hizo hospitali zisizo na ICU ndizo tulizonazo.

Miaka sita baadaye Lusaka walipima kitu cha kufanana na hicho kwa watu wazima wenye sepsisi, yaani maambukizi makali yanayovuruga mwili mzima, na presha ya chini, wengi wao wanaishi na virusi vya ukimwi. Waliofanyiwa kwa utaratibu mpya, yaani maji mengi mapema na dawa za kupandisha presha, walifariki 48 kati ya 100. Waliohudumiwa kama ilivyozoeleka, 33. Utaratibu huo ulikuwa umetokana na mafunzo ya nchi tajiri, na kule uliheshimika sana.

Halafu kuna kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe: kinaandika 94, na damu yenyewe ikipimwa maabara iko chini ya 88. Hapa kwetu karibu kila kidole ninachokishika ni cheusi, na uamuzi wa kumpa mtu mtungi au kumnyima unategemea namba hiyo.

Tena tuna yetu ya pwani. Tuliwahi kumpokea bibi harusi wa Tandika, siku ya tatu tangu harusi, kapasuliwa kidole tumbo. Vidole vyote kumi vimepigwa piko hadi pingili ya kwanza, nyeusi inayong'aa. Kifaa kikawa kinatafuta, kinakosa, kinatafuta. Mashine inalia, mama yake analia, daktari wa usingizi anauliza namba. Nikakihamishia kwenye ncha ya sikio, nikatoa na hereni, kikashika. Katika fomu ya utafiti hakukuwa na mahali pa kuandika piko. Sasa papo.

Mgonjwa wangu hajitambui. Nani anatoa ridhaa?

Ndugu wa karibu, kwa niaba yake, kwa muda. Hilo neno "kwa muda" ndilo lenye uzito.

Kijana mmoja wa bodaboda aliletwa ameumia kichwa, yuko kwenye mashine ya kupumulia. Benchini walikuwa watu saba. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa akiongea, mke amekaa pembeni na mtoto mapajani. Nikamwamkia mzee, nikaisoma fomu yote kwa sauti, kurasa nne, kwa Kiswahili cha kawaida. Mzee akanyoosha mkono apewe kalamu. Nikamwomba radhi, nikamgeukia yule dada: "Mama Rehema, na wewe unasemaje?" Kimya. Kisha akauliza swali ambalo wasomi wote hawakuuliza: "Hiyo damu ya utafiti mtamtoboa upya, au mtachukua kwenye ile ya kila asubuhi?" Ile ya kila asubuhi, nikamwambia, tunaongeza kijiko kimoja cha chai. Wakateta na baba mkubwa, wakakubaliana. Mama Rehema hajui kusoma, kwa hiyo tukatafuta shahidi asiye wa timu yetu, kisha Mama Rehema mwenyewe akaweka dole gumba. Wino wa ziada akaufuta kwenye pindo la kanga.

Siku ya tisa kijana akazinduka. Alipoweza kuongea na kunielewa, sheria ya kazi yetu ni kumuuliza yeye mwenyewe. Nikamweleza. Akaniangalia akasema, "Dada, mimi sitaki." Tukamtoa siku hiyo hiyo, na matibabu yake yakaendelea kama kawaida. Baba mkubwa alikasirika kuliko sisi.

Kwenye dharura ya dakika, kama mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kamati za maadili huweza kuruhusu ridhaa fupi ya mdomo kwanza, kisha ya maandishi hali ikitulia. FEAST nao walitumia njia ya namna hiyo kwa wazazi ambao mtoto yuko katika hatari. Wapo wanaoona si haki. Mimi naona kumpa mama mwenye mtoto anayekata roho kurasa nne asome ndiyo si haki zaidi.

Nikikataa, mtanihudumia vibaya?

Hapana. Na nesi yeyote akikuonyesha uso wa kukasirika kwa sababu umekataa, mripoti kwa msimamizi wa wodi. Namba ya kamati ya maadili imeandikwa kwenye nakala ya fomu unayobaki nayo. Idai hiyo nakala, wengine husahau kuitoa.

Kwa nini mgonjwa wa kitanda cha pili kapewa dawa na wangu kapewa maji?

Kwa sababu hatujui kama dawa inasaidia. Tungejua, tungempa kila mtu na utafiti usingekuwepo. Anayeamua ni bahati nasibu: boksi lina vifurushi vinavyofanana, vina namba tu, nachukua kinachofuata. Mimi sijui kilichomo, daktari hajui, wewe hujui. Tukichagua wenyewe, tutawapa dawa wale tunaowaonea huruma, na mwishoni hatutajua kama ni dawa iliyofanya kazi au ni huruma.

Dawa moja inaonyesha vizuri kwa nini tunajisumbua hivi. Asidi ya traneksamiki huzuia damu iliyoganda isiyeyuke. Mwaka 2010 jaribio la watu 20,211 waliopata ajali na majeraha lilionyesha inapunguza vifo, kutoka 16 hadi 14.5 kwa kila mia. Mwaka 2017, wanawake 20,060 waliokuwa wanavuja damu baada ya kujifungua, katika nchi 21, Tanzania ikiwemo: vifo vya kuvuja damu vilipungua, hasa dawa ikitolewa ndani ya saa tatu. Basi watu wakasema tuwape kina mama wote wenye upungufu wa damu kabla hawajaanza kuvuja. Ikapimwa kwa kina mama 15,068 wa Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia. Majibu ya mwaka 2023: haikuzuia. Dawa ile ile, damu ile ile ya uzazi, wakati tofauti. Jibu la "hapana" limetuokolea fedha za dawa nyingi.

Damu mnaipeleka wapi?

Wazee huuliza kwa kuzunguka, vijana huuliza moja kwa moja. Hadithi za mumiani wa kunyonya watu damu zimekaa pwani hii kwa vizazi, na sidhani kumcheka anayeziamini ni jibu. Mtu anachukua damu ya mtoto wako, hakuambii inakwenda wapi, harudi kukwambia alichoona: ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Jibu lenyewe: inakwenda maabara iliyotajwa kwenye fomu. Kipimo kikihitaji kufanyika nje ya nchi, lazima uwepo mkataba wa kusafirisha sampuli ulioidhinishwa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Uliza utaambiwa.

Nitalipwa?

Nauli na muda wako, kiasi kidogo, kama unaitwa kurudi. Fedha ikiwa nyingi mno inageuka kishawishi, na kamati huikata. Ukidhurika kwa sababu ya dawa ya majaribio, unatibiwa bila kulipa. Jaribio la dawa lazima liwe na bima ya washiriki.

Na ninyi nani anawachunga?

Kwanza kamati ya maadili ya taasisi; MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili pale Upanga, kwa mfano, kina yake. Kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR. Dawa au kifaa kikiwa cha majaribio, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao hutoa kibali chao na huja kukagua, wakati mwingine hadi halijoto ya friji. Mtafiti kutoka nje anahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, lile jengo la Kijitonyama lililofanya kituo cha daladala kiitwe Sayansi. Tangu Mei 2023 ipo pia sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, kwa hiyo jina lako haliingii kwenye kompyuta ya utafiti. Inaingia namba.

Fani yetu inahitaji kuchungwa, nasema bila aibu. Mmoja wa waghushi wakubwa katika historia ya tiba alikuwa daktari wa usingizi: Yoshitaka Fujii wa Japani, ambaye makala zake zaidi ya 170 zilionekana kuwa za kubuni. Aliandika kuhusu dawa za kuzuia kutapika baada ya upasuaji. John Carlisle, daktari wa usingizi wa Uingereza, alizipitia namba zake mwaka 2012 akaona zinafanana kupita kiasi. Wagonjwa wa kweli hawajipangi hivyo. Mmoja ana kilo 41, mwingine 112, wa tatu mizani ilikuwa imeharibika.

Mimi ni daktari niko masomoni, natakiwa kuandika tasinifu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye karatasi ya vipimo iliyoning'inia kitandani, kabla hujafungua kompyuta. Kaa wodini siku tatu uone nini kinaandikwa kweli na nini huachwa wazi. Ukipanga kutafiti kasi ya kupumua, halafu ukakuta kila mgonjwa ameandikiwa 20 asubuhi, mchana na jioni, ujue hakuna aliyehesabu.

Pili, chagua swali dogo. Kina mama wangapi presha inashuka baada ya sindano ya mgongo, na inashuka dakika ya ngapi? Wangapi wanafika chumba cha kuzindukia bila oksijeni njiani? Haya yanamalizika ndani ya miezi michache na yanabadilisha kazi kesho yake. Kila mwaka namwona kijana anayetaka kulinganisha dawa tatu kwa wagonjwa mia tisa, peke yake, huku ana zamu za usiku.

Tatu, saa. Hili limenitoa machozi. Katika utafiti wangu wa kwanza, hospitali sitaitaja, tulikuwa tunapima muda kati ya mgonjwa kufika na kupata dawa ya kwanza ya kuua bakteria. Manesi waliandika saa ya Kiswahili, kama tunavyoishi: "saa 2". Mwingizaji data akaingiza saa 2 ya kizungu. Wagonjwa wakawa wamepata dawa karibu muda wa saa sita kabla hawajafika hospitali. Hao tuliwagundua. Waliotutesa ni wale ambao kosa lilitoa jibu linalowezekana: karatasi ilisema "saa 3", na hakuna aliyekumbuka kama ilikuwa asubuhi, usiku, au nesi aliyezoea saa za simu. Tulitupa fomu za miezi miwili. Siku hizi fomu zangu zina visanduku vya saa 24 na mchoro mdogo wa jua na mwezi pembeni. Mprofesa mmoja aliucheka mchoro, nikamwacha acheke.

Nne, andikisha jaribio lako kabla ya mgonjwa wa kwanza; ipo sajili ya majaribio ya Afrika na haitozi kitu.

Nesi anaweza kuongoza utafiti?

Anaweza, na katika fani hii angetakiwa. Pale Muhimbili uliwahi kufanyika utafiti, ukachapishwa mwaka 2015, ambao "dawa" yake ilikuwa utaratibu tu: kipimo kikiwa kibaya kupita kiwango fulani, nesi anachukua hatua iliyoandikwa bila kungoja. Weka kichwa vizuri, fungua oksijeni, ongeza maji, mwite daktari. Hatua za haraka ziliongezeka, na vifo vya waliofika na presha ya chini vikapungua, ingawa vifo vya wagonjwa wote kwa jumla havikushuka kwa kiasi cha kujivunia. Nani alikuwa anapima, anaona, anachukua hatua? Manesi. Sisi tuna namba zote mkononi, tatizo letu ni kuziandikia wengine.

Mgonjwa wetu alifariki. Kwa nini mlitupigia tena simu?

Mara nyingi fomu inataka kujua hali ya siku ya 28. Aliyetoka wodini akiwa hai tunampigia. Kama amefariki nyumbani, lazima ahesabiwe, la sivyo tutaandika kwamba dawa yetu ilimponya.

Kabla ya kupiga naangalia kwanza namba ni ya nani. Sipigi Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi. Naanza kwa salamu, najitambulisha, namuulizia mwenye simu, sio mgonjwa. Wakati fulani alipokea mtoto wa kike wa miaka kama minane. Nikamwomba nizungumze na mama. Akasema mama yuko uani anafua, ngoja. Nikasikia ndala zinaburuta sakafuni, kisha sauti yake kwa mbali: "Mama, ni yule nesi wa baba." Yule mama akapokea, mikono mibichi, simu ikawa inateleza. Akaniambia alifariki siku ya 19, wakamzika Chalinze. Nikampa pole, nikaandika 19 kwenye kisanduku. Akauliza kama ule utafiti ulishatoa jibu. Bado, nikamwambia. Akasema likitoka nimpigie, muda wowote, isipokuwa jioni sana kwa sababu anauza chapati.